Kizibo Nyuma ya Maporomoko

Nywele za mtoto zilikataa kukauka.

Mama yake alizifuta kwa taulo la kwanza, akazifuta kwa la pili, akamkalisha barazani jua la alasiri limpige kisogoni, na bado maji yalimchuruzika shingoni kana kwamba ametoka kuoga sasa hivi. Na hawakuwa wameoga. Walikuwa wamekwenda kutazama maporomoko ya maji kule msituni, wakarudi na viatu vyenye tope, basi.

"Hebu njoo uone," alimwita mumewe. "Huyu mtoto ana maji ya wapi?"

Mumewe alikuja akitafuna nanasi. Watu wote walimwita Koki, kama koki ya kufungulia maji, kwa sababu alikuwa fundi bomba, na kwa sababu siku ya harusi yake mwenyewe walimtafuta kila mahali wakamkuta amepiga magoti chini ya sinki la ukumbi, suti na tai, akikaza kitu kilichokuwa kinavuja. Alizishika nywele za bintiye, akazikamua, maji yakadondoka sakafuni.

"Maji ya kisiwani," akasema. "Yana upendo, hayataki kuachana na wageni." Akacheka peke yake.

Mtoto hakucheka. Hilo ndilo lililopaswa kuwashtua hata kabla ya nywele. Mtoto wao wa pekee waliyempa jina la Kasuku hakujua kunyamaza. Aliongea akila, aliongea usingizini, aliongea na nzi. Yeye naye alimwita baba yake Koki kama walimwengu wengine, na mama yake akimgombeza kwamba mtoto hamwiti mzazi kwa jina la utani, alijibu kwamba akina baba wako wengi, Koki ni mmoja. Lakini tangu waliposhuka kutoka kule juu hakuwa amesema hata kwamba ana njaa.

"Amechoka," alisema Koki. "Kupanda mlima si mchezo."

"Kasuku huchoka miguu," alisema mkewe. "Mdomo hachoki."

Walikuwa wamekuja kisiwani kupumzika. Shangazi wa mkewe alikuwa na nyumba ya wageni iliyoegemea msitu, akawaita mwaka hadi mwaka, na safari hii mke alisema wanakwenda, mabomba ya watu yavuje yatakavyo. Kabla ya kuondoka alimkagua mumewe begi akatoa spana mbili na msumeno. Hakukagua mifuko ya koti. Humo Koki alificha kisu kidogo na tepu nyeupe ya kuzungushia nyuzi za bomba, kwa sababu jasiri haachi asili, na kwa sababu bila tepu mfukoni alijiona kama yuko uchi.

Asubuhi ile walipanda na mwongoza wageni, njia nyembamba iliyojaa mizizi, majani mapana yakiwapangusa umande usoni. Walisikia maporomoko kabla ya kuyaona. Maji yalitoka juu kabisa ya jabali yakajitupa chini kwenye dimbwi la kijani, na mvumo wake ulisikika mpaka kifuani. Kasuku alipiga kelele kushindana nayo, akashindwa, akafurahi zaidi. Mwongoza wageni akawapitisha ubavuni mwa jabali, wakatokea nyuma ya pazia la maji, ndani ya kipango kikavu chenye ubaridi. Ukutani palikuwa na tundu, kama la kuingia dole gumba, na kutoka tunduni tone moja moja la maji lilidondoka kwenye kijibakuli kilichochongeka jiweni.

"Hapa tunatazama tu," alisema mwongoza wageni. "Macho ruhusa, mikono hapana. Tundu hilo lina wenyewe." Kisha akatoka kwenda kumshika mkono mgeni mmoja mnene aliyekuwa ameganda katikati ya mawe, hasogei mbele wala nyuma. Mke wa Koki naye akatoka kupiga picha.

Koki akabaki na binti yake na lile tone.

Kuna watu wasioweza kupita karibu na mtoto anayelia. Koki hakuweza kupita karibu na kitu kinachovuja. Tone lilidondoka, likanyamaza, likadondoka, na kila lilipodondoka lilimwingia kwenye jino. Alijikaza. Akatazama pembeni. Akaokota kijiti.

Kasuku alikuwa amebandika sikio tunduni. "Koki, kuna mtu humu. Ananiuliza naitwa nani."

"Mwambie Kasuku," alisema baba yake, akichonga kijiti kwa kisu.

"Nimemwambia. Anasema niingie nikaone kwake. Yeye atanishikia nafasi yangu huku nje."

"Mwambie sisi tumekuja kutazama tu, hatutafuti chumba cha kupanga." Akazungusha tepu kwenye ncha ya kijiti, safu juu ya safu, vizuri, kama anayefunga zawadi. "Haya, toa kichwa, mama."

Akakipachika kizibo, akakigonga kwa jiwe, tone likakoma. Koki akashusha pumzi. Alifurahi furaha ile ya kazi safi, na kwa furaha hiyo hakuona kwamba mtoto alikuwa amesimama mdomo wazi, neno limefika katikati, na kwamba mdomo ulijifunga taratibu bila kulimaliza.

Sasa, jioni hiyo, nyumba ya Shangazi ilianza kudondosha maji.

Koki ndiye aliyeisikia kwanza, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Tone. Kimya. Tone. Akaenda bafuni akakagua bomba, kavu. Akakagua shawa, kavu. Akapanda kwenye tangi, akashuka jikoni, akalala kifudifudi chini ya sinki, kote kukavu, na sauti ilikuwa ikimfuata mgongoni. Aliporudi chumbani ndipo alipogundua inakotoka. Ilitoka pale mtoto alipokaa. Nywele zilidondokea shuka, shuka ilikuwa imelowa mpaka godoro, na chumba kizima kilinuka jiwe lililokaa majini na majani yaliyooza gizani.

"Mpe maji ya kunywa," alinong'ona mkewe. "Anaonyesha jagi tu."

Mtoto alilipokea jagi kwa mikono miwili akalinywa lote bila kupumua. Vidole vyake vilikuwa vimejikunyata, vyeupe kwenye ncha, kama vya mtu aliyefua kutwa nzima. Alipomaliza aliwatazama wote wawili, mmoja mmoja, jinsi mpangaji mpya anavyotazama kuta.

Hawakulala. Mke alikaa upande huu wa kitanda, mume upande ule, wakiongea kwa macho. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na kulipopambazuka mshindo ukaja. Mke alikwenda bafuni kunawa uso. Akafungua bomba. Maji hayakutoka. Bomba likakohoa, likavuta hewa, halafu, kutoka mbali sana ndani ya chuma, kama mtu anayeongea chini ya kisima, ikaja sauti.

"Mama? Mama, huku giza. Mwambie Koki afungue. Nilikuwa nakuja, nilikuwa nimeshaona kwake nikasema kwaheri, halafu pakafungwa, nagonga, nagonga, na kuna maji baridi, Mama, na huyu mtu hayupo, niko peke yangu, mwambie Koki..."

Mama alishika sinki asianguke. Mlango wa bafu ulikuwa wazi, na kupitia mlango huo alimwona binti yake amekaa kitandani, midomo imefumbwa, nywele zinadondoka, akimtazama. Sauti ya Kasuku ilikuwa ikimlilia kutoka bombani, kwa mdomo wake ule ule usiojua nukta, na Kasuku huyo huyo alikuwa amekaa pale hatua chache tu, amenyamaza, na taratibu akaanza kutabasamu. Mama akabaki anahema kama aliyekimbizwa, mpaka Koki alipokuja akasimama nyuma yake na yeye akaisikia.

Ndipo yule wa kitandani aliposema kwa mara ya kwanza. Sauti ilikuwa nzito, imelowa.

"Nilitoka kuota jua kidogo. Mmenifungia nje." Akajitazama vidole. "Mwanzo niliudhika. Sasa naanza kuzoea."

Koki alikaa chini sakafuni.

Shangazi hakuuliza maswali mengi. Alinusa harufu ya kile chumba, akafunga khanga yake kiunoni, akatoka. Alirudi na kinyozi. Mjini kila mtu alimjua kama kinyozi, alikuwa na kioo kikubwa na viti viwili vya kuzunguka, lakini watu wa huko walijua pia kwamba mambo ya namna hii yakitokea anaitwa yeye. Alikuja na taulo lake begani, ananukia poda. Akamtazama mtoto bila kumkaribia.

"Nani amegusa tundu?" akauliza kwa sauti ya chini.

Mke akamgeukia mumewe polepole.

"Lilikuwa linavuja," alisema Koki. Alisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa ya kipumbavu. "Nililiziba tu."

"Wewe!" Mkewe alimshika shati. "Wewe mwanamume! Hata likizo? Hata mlimani?"

"Muache, mwanangu," alisema Shangazi. "Atajichapa mwenyewe, sisi hatutamfikia."

Kinyozi alichuchumaa mbele ya Koki. "Sikiliza, ndugu yangu. Ule ni mlango. Umeufunga mwenye nyumba yuko nje na mtoto wako yuko ndani. Tunapanda sasa hivi, kabla huyu hajauzoea mwili, maana akiuzoea hatoki. Mkono ulioziba ndio utakaozibua. Maji yatatoka kwa nguvu. Usiyazuie. Yakupige usoni, yakupofue, yaache. Mmoja anaingia, mmoja anatoka, na mlango ni huo huo mmoja. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Rudia."

"Nisiyazuie maji," alisema Koki.

Walipanda mvua ikianza. Koki alimbeba mtoto mgongoni, na mwanzoni alikuwa na uzito wake wa siku zote, ule wa kumrukia baba akitoka kazini, lakini kila walivyopanda uzito uliongezeka, ukawa wa ndoo, ukawa wa pipa, na maji yakamshuka Koki mgongoni ndani ya shati, baridi ya kisimani, na mikono midogo iliyojikunyata ikamkaza shingoni, na pumzi yenye harufu ya majani yaliyooza ikawa inampiga sikioni ikisema, kwa upole kabisa, rudi, fundi, mimi sina makelele, mimi nitakuwa mtoto mzuri, utalala mchana bila kusumbuliwa, rudi, na Koki alikuwa akihesabu mizizi ili asisikie, akakosea, akaanza upya, huku mkewe nyuma yake akilia bila sauti na kinyozi akiwa mbele akisoma dua kwa midomo tu, mpaka miti ilipofunguka.

Wote watatu wakasimama. Maporomoko yalikuwa yanaanguka bila sauti.

Maji mengi vile, kutoka juu vile, yakigonga dimbwi na kurusha povu, na hapasikiki kitu, kama picha ukutani. Mvua ilisikika juu ya majani. Pumzi zao zilisikika. Wakaingia nyuma ya pazia la maji, na ndani ya kipango wakasikia kitu kingine kimoja. Nyuma ya kizibo kuna mtu alikuwa anagonga. Alikuwa anagonga na kuongea.

"...na nikitoka nitakula nanasi lote, Koki, na sitakugawia, na nitamwambia Mama ulikuwa na tepu, nitasema yote..."

"Nimekuja, mwanangu," alisema Koki, machozi yakimtoka. "Nimekuja, ongea tu, usinyamaze."

Mama alikaa chini akampakata yule aliyekuwa na mwili. Kinyozi akatandaza taulo lake juu ya kichwa cha mtoto, akaweka kiganja, akaashiria.

Kizibo kilikuwa kimevimba. Koki alikuwa amekifunga vizuri mno. Akakitikisa, akakitoboa kwa kisu, kucha moja ikang'oka, hakuisikia. Kikasogea. Kikatoka.

Maji yakatoka nayo. Hayakuwa matone tena, yalikuwa mkuki mweupe uliompiga katikati ya macho, ukamjaza pua na mdomo. Na mkono wa Koki ukafanya kilichofanywa na mkono ule miaka yote, chini ya masinki yote, kila bomba lilipopasuka mbele ya uso wake. Haukumwuliza. Ulikwenda wenyewe, na dole gumba likaziba tundu.

Chini ya dole kitu kidogo kilisukuma. Alidhani ni nguvu ya maji.

"Toa mkono!" Kinyozi alimpiga kigasha. "Toa, nimesema!"

Koki akautoa kama aliyeungua. Maji yakaruka tena, yakapungua, yakaisha nguvu. Na mvumo wa maporomoko ukarudi wote kwa pamoja, mkubwa hata wakainama. Tunduni tone moja likadondoka kwenye kijibakuli. Likafuata jingine.

Mapajani mwa mama yake mtoto alifungua macho. Nywele zilikuwa kavu. Harufu ilikuwa imeondoka.

"Baba," akasema.

Mama alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika. Koki alipiga magoti akawakumbatia wote wawili, akilia kama mtu aliyefufuliwa. Kinyozi peke yake hakusogea. Alikuwa analitazama tundu.

"Uliziba?" akamwuliza Koki kwa kunong'ona walipokuwa wakishuka.

"Kidogo tu. Kufumba na kufumbua."

Kinyozi alilitazama dole gumba la Koki. Alijifuta uso kwa taulo, na walipofika kwa Shangazi alikataa hata chai.

Nyumbani walipokelewa na maisha yao ya kawaida. Mtoto alikula, alilala, alikwenda shule. Mwalimu wake alimsifu kwa utulivu. Majirani walisema hewa ya kisiwani ni dawa, yule kasuku amekuwa njiwa. Mama yake, aliyekuwa amepigana vita ile kwa miaka, alifurahi zaidi ya wote kwamba sasa anamwita mzazi wake Baba, kwa adabu, bila kukumbushwa. Koki alifurahi pia. Alijiambia hivyo kila asubuhi. Ila siku moja alimwona nzi ametua kwenye sahani ya bintiye, akasubiri, na mtoto akamtazama nzi bila kumwambia kitu.

Halafu akaitwa kazini. Nyumba ya mteja, jikoni, bomba lililokuwa halitoi maji. Mteja alikuwa sokoni. Koki aliingia chini ya sinki, akalegeza kiungo, akafungua.

Bomba likakohoa, likavuta hewa.

"Koki?"

Spana ikamdondoka.

"Koki, ni wewe? Nimekutafuta kila tundu, Koki, mabomba ya huku ni mengi, yanapinda, nimepita nyumba za watu wengi wananawa tu hawanisikii. Yule mtu alifika mlangoni akitaka kuingia, halafu akazibiwa, akarudi kwenye mwili wangu. Mimi nilikuwa ninatoka, Koki. Nilikigusa kidole chako. Nilijua ni chako, kina kovu. Mbona uliniziba?"

"Mwanangu," alisema Koki. Mdomo wake ulikuwa umeshikamana na chuma. "Mwanangu, uko wapi? Uko wapi sasa?"

"Sijui. Njoo ufungue pakub..."

Maji yakaja, mengi, safi, yakamlowesha kifua na kuifuta sauti. Aliyafunga, akayafungua, akayafunga, akaliita jina lake ndani ya bomba mpaka likamkauka kooni. Kisha akakimbia. Aliacha spana, aliacha begi, aliacha jiko la watu likiogelea, akapita mitaani na shati lililolowa, watu wakimwita Koki, Koki, kuna nini, na yeye hageuki.

Mkewe alikuwa sebuleni anashona, akimwimbia wimbo mtoto aliyekuwa jikoni. "Umerudi mapema," akasema. "Mwanao kakuwekea chakula. Siku hizi ana huruma huyo."

Koki alimpita. Jikoni mtoto alikuwa amekaa mezani, mgongo umenyooka, na glasi ya maji mbele yake. Koki akaenda moja kwa moja kwenye sinki. Akafungua bomba.

Likakohoa. Likavuta hewa.

"Ko..."

Mkono mdogo ulipita ubavuni mwake. Vidole vilikuwa vimejikunyata, vyeupe kwenye ncha. Vikaishika koki, vikaizungusha bila haraka, vikaikaza mpaka mwisho kama alivyokuwa akikaza yeye, na bomba likanyamaza.

"Maji yanapotea bure, Baba," akasema mtoto, kwa adabu.